Sauti ya mwanamke inakwama wapi? Muziki na redio katika Tshopo

Mjadala huu hufufuka kila mwezi wa Machi, ambao Kongo nzima huuita mwezi wa mwanamke. Redio za Kisangani na za miji midogo ya jimbo la Tshopo hukumbuka nyimbo za Abeti Masikini, Mbilia Bel, M'Pongo Love na Tshala Muana, akina mama hualikwa studioni, kisha Aprili ikiingia orodha ya nyimbo hurudi kwa wanaume wa Kinshasa. Hapo maneno huanza. Wapo wanaosema redio zinawabagua wanawake. Wapo wanaojibu kwamba wanawake wenyewe hawarekodi, basi redio ipige nini? Wengine hutaja Katiba na kudai nusu kwa nusu. Na wapo wanaoshangaa hayo yote, kwa sababu kila asubuhi wakifungua redio wanakutana na sauti za wanawake wakiimba nyimbo za Mungu.

Kila upande umeshika kipande cha ukweli, ndiyo maana mabishano hayaishi. Watu wanajibu maswali tofauti wakidhani ni swali moja. Sauti kusikika ni jambo moja. Kuwa mwenye maneno yanayoimbwa ni jambo la pili, kulipwa ni la tatu, na kupigwa saa ambayo watu wanasikiliza, jina likitajwa, ni la nne. Mwanamke anaweza kusikika redioni tangu alfajiri hadi usiku asipate hata moja katika hayo matatu ya mwisho.

Uchambuzi huu unalitazama suala kutoka Yanonge, mji wa soko ulio kando ya mto Kongo, kilomita 60 hivi ukiteremka kutoka Kisangani. Chakula, samaki na mkaa hutoka huko kwa boti za mbao na mitumbwi kwenda kulisha mji mkubwa, na wanaobeba sehemu kubwa ya biashara hiyo ni wanawake. Wanasikiliza redio ndogo za betri na simu zenye kadi za kumbukumbu, kwa Kilingala, Kiswahili na Kilokele. Wanaimba pia: kwenye matanga, kwenye harusi, kanisani na shambani. Kati ya kuimba huko na kupigwa redioni kuna safari ndefu, na hiyo ndiyo tunayotaka kuipima.

Walioanza mapema, wakabaki wachache

Si kweli kwamba mwanamke alichelewa kufika kwenye kipaza sauti cha Kongo. Redio Congolia ilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1939 na Jean Hourdebise, na miongoni mwa sauti za kike za mwanzo zilizojulikana mjini humo ilikuwa ya Pauline Lisanga, aliyekuwa mtangazaji na mwimbaji. Baada ya lebo ya Ngoma kufungua studio mwaka 1948, zikafuata Opika, Loningisa na Esengo, na katika miaka ya 1950 Lucie Eyenga akarekodi nyimbo zilizochezwa pande zote mbili za mto. Wakati huohuo kulikuwa na vyama vya akina mama wa mitindo vilivyoshikamana na bendi, vikijaza ukumbi na kuzipa bendi jina mjini. Mgawanyo wa kazi ukajengeka hapo: mwanaume jukwaani na gitaa, mwanamke mezani kama mgeni wa heshima. Bila wanawake hao rumba isingepata soko lake, lakini walioandikwa kwenye sahani ni wengine.

Kisangani ina mfano wake mkubwa. Abeti Masikini alizaliwa huko mwaka 1954, mji ukiitwa Stanleyville, binti wa Jean-Pierre Finant, mwanasiasa wa chama cha Lumumba aliyeongoza jimbo la Orientale na kuuawa Bakwanga mwaka 1961. Mwaka 1973 Abeti aliimba Olympia jijini Paris, na mwaka 1974 akapanda jukwaa la Carnegie Hall jijini New York. Aliongoza kundi lake mwenyewe, Les Redoutables, na humo ndimo alimopitia Mbilia Bel kabla ya kwenda kwa Sam Mangwana na hatimaye kwa Tabu Ley na bendi yake ya Afrisa. Nalitilia uzito jambo hili: nyota wa kike aliyepigwa sana na redio za Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 alipata mafunzo yake katika bendi iliyoongozwa na mwanamke mwenzake. Bendi za namna hiyo zilikuwa chache mno. Taz Bolingo, kundi la wanawake watupu la Kinshasa, ni mojawapo ya chache zinazokumbukwa.

Serikali ya Mobutu nayo iliwafanya wanawake wasikike kuliko wakati wowote kabla yake, kwa namna ya pekee. Vikundi vya animasyo vya chama cha MPR viliimba na kucheza kwa kumsifu rais, na redio ya taifa, Sauti ya Zaïre, ikavirusha nchi nzima. Maelfu ya wanawake waliimba hewani. Majina yao hayakutajwa.

Tofauti hiyo kati ya kusikika na kutajwa ingewashangaza wazee wa eneo hili. Ngoma za magogo za Walokele, ambazo mmisionari Mwingereza John Carrington wa Yakusu alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949, zilikuwa na jina la ngoma la mtu, refu, lenye ukoo wake ndani, ili hata kijiji cha mbali kijue ni nani anayezungumziwa. Redio iliyochukua nafasi ya ngoma hizo hupiga wimbo wa asili wa akina mama na kusema tu kwamba ni wimbo wa Kilokele.

Hoja ya kwanza: wasikilizaji hawawataki

Hoja hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayorudiwa zaidi na wenye redio. Mtangazaji anapiga kile ambacho watu wanapigia simu na kulipia salamu zao, na watu wanataka Fally Ipupa, Koffi Olomide, Werrason, au vijana wa Bongo Fleva kutoka Dar es Salaam. Kumlazimisha msikilizaji ni kumfukuza.

Hoja hiyohiyo ilitolewa wazi kabisa huko Marekani, katika muziki wa country, muziki ambao hata Kenya una wapenzi wengi, na redio za Kenya zimewapiga Skeeter Davis na Dolly Parton kwa miongo mingi. Mwezi wa Mei 2015 mshauri wa redio, Keith Hill, alisema katika jarida la biashara hiyo kwamba kituo kinachotaka wasikilizaji kipunguze wanawake, akawafananisha na nyanya kwenye saladi ambayo majani yake ni wanaume. Wanawake wa country waliichukia kauli hiyo, lakini ilikuwa na faida moja: kilichokuwa kikifanywa kimyakimya kilisemwa hadharani, na kikaanza kupimwa. Mtafiti Jada Watson alipochambua orodha za mwisho wa mwaka za nyimbo zilizopigwa na redio za country, alikuta sehemu ya wanawake imeshuka kutoka theluthi moja mwaka 2000 hadi karibu asilimia 11 mwaka 2018.

Takwimu hizo zinaibomoa hoja ya msikilizaji kwa ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wasikilizaji wa redio hizo walikuwa wakimnunua Shania Twain kwa mamilioni, pamoja na Faith Hill na kundi la Dixie Chicks. Sikio la watu halikugeuka ghafla. Kilichobadilika ni umiliki: sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliruhusu kampuni chache kununua vituo vingi, orodha za nyimbo zikafupishwa na kupangwa kutoka ofisi moja, na desturi ya kutowafuatanisha wanawake wawili ikawa kanuni ya kazi. Msikilizaji hawezi kuomba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Redio inampa nyimbo kumi, anachagua kutoka hizo kumi, kisha redio inasema huo ndio upendo wake.

Kwa Tshopo hoja hii ina nguvu zaidi kidogo kuliko kule, na ni haki kukiri hivyo. Redio ndogo haina kampuni kubwa nyuma yake. Inaishi kwa salamu, kwa komunike za misiba na mikutano, kwa vipindi vya makanisa na kampeni za mashirika. Ikipoteza wasikilizaji, jenereta linazimika. Lakini hata hapa orodha ya nyimbo haitoki kwa msikilizaji. Inatoka kwenye kompyuta au kadi ya mtangazaji, ambaye kwa kawaida ni kijana wa kiume aliyekusanya nyimbo kutoka kwa vijana wenzake, na sehemu kubwa ya nyimbo hizo imetengenezwa Kinshasa kwa fedha za watu wanaotaka kusifiwa. Ni desturi ya mabanga: tajiri, mkuu wa kampuni au mwanasiasa hulipa ili jina lake lirushwe ndani ya wimbo. Fedha hizo humfuata kiongozi wa bendi mwenye jina, na viongozi wa bendi karibu wote ni wanaume. Kwa hiyo tunachokiita chaguo la msikilizaji kimekwisha kuchaguliwa na mfadhili kabla hakijavuka Mbandaka.

Hoja ya pili: wanawake wenyewe hawapo

Hoja hii inastahili muda zaidi, kwa kuwa ni kweli na ni kweli kwa sababu ambazo wanaoisema hawazitaji. Wanawake wanaorekodi ni wachache. Swali ni nani aliwapunguza.

Tuanze na sheria. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 ilitaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi yeye binafsi. Kuimba kwa mkataba ni kazi ya namna hiyo hasa. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya Julai 2016, yaani kwa karibu miaka 30 mwimbaji aliyeolewa hakuweza kisheria kutia saini mkataba wa studio peke yake. Mtu atasema kwamba mikataba mingi ya muziki Kongo haiandikwi. Ni kweli. Lakini sheria huwapa watu lugha ya kukataza. Mume aliyetaka kumzuia mkewe asiende mazoezini alikuwa na serikali upande wake, na mtayarishaji aliyetaka kumdhulumu alijua mwanamke huyo hawezi kwenda mahakamani bila kibali cha nyumbani. Mazoea yaliyojengwa na kifungu hicho hayakufutika siku kifungu kilipofutwa.

Kuna mahali pa kazi. Rumba ilikulia kwenye baa, usiku, na mazoezi yake huchukua saa nyingi katika nyua za wanaume. Mwanaume anayerudi alfajiri kutoka kwenye bendi ni mwanamuziki. Mwanamke anayerudi saa ileile hupewa majina mengine. Familia nyingi hukubali binti aimbe kwaya na kukataa aimbe bendi kwa sababu hiyo tu, hata kama sauti ni ileile.

Hapa inafaa kuvuka hadi pwani, kwa sababu Zanzibar inaonyesha kwamba jambo lingeweza kwenda kwa njia nyingine. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani, miaka mingi kabla ya rumba kupata studio yake. Baada yake vikaja vikundi vya taarab vya wanawake kama Royal Navy na Nuru el Uyun. Wanawake wa pwani hawakuwa huru zaidi kuliko wa Kongo. Jamii yao ilikuwa na masharti makali kwao. Tofauti ilikuwa katika nani analipa. Taarab iliimbwa harusini, mbele ya wanawake, na wanawake ndio waliomtunza mwimbaji kwa fedha mkononi. Muziki wenye soko la wanawake ulitengeneza nyota wa kike kizazi baada ya kizazi, kutoka Siti hadi Bi Kidude na Khadija Kopa, na redio ikawapiga kwa sababu walikuwa tayari na watu wao. Kongo muziki ulilipwa na mnunuzi wa bia, kisha na mnunuzi wa sifa. Kwa mawazo yangu tofauti hiyo inaeleza mengi kuliko maneno yote kuhusu utamaduni.

Kuna pia suala la mtunzi. Rumba imejaa nyimbo ambamo mwanaume anaimba kama mwanamke, akilia kwa niaba ya mke aliyeachwa. Hata mwanamke aliposhika kipaza sauti, mara nyingi kalamu ilibaki kwa mwanaume: Tabu Ley alimtungia Mbilia Bel nyimbo nyingi, na Ndaya, wimbo ambao watu humkumbukia M'Pongo Love, uliandikwa na Mayaula Mayoni. Ni nyimbo nzuri, na waimbaji hao walizitia moyo ambao hakuna mwingine angeutia. Lakini haki za mtunzi, zilizosimamiwa na SONECA tangu 1969 na baadaye na SOCODA iliyoundwa mwaka 2011, huenda kwa aliyeandika. Umaarufu ukabaki kwa mwanamke na urithi ukaenda kwingine.

Na pale mwanamke alipotoa maneno yasiyopendeza wakubwa, gharama ilionekana. Tshala Muana, malkia wa mutuashi, alikamatwa Kinshasa mwezi wa Novemba 2020 baada ya wimbo Ingratitude, ambao wengi waliuona unamlenga Rais Félix Tshisekedi. Wanaume pia wameonja adhabu hiyo: kiongozi wa bendi Franco alifungwa mwaka 1978 kwa nyimbo zilizoitwa za matusi. Lakini Franco alikuwa na bendi, ukumbi na lebo vilivyomngoja atoke. Mwanamke asiye na bendi yake akinyamazishwa wiki moja, mlango huwa umeshafungwa nyuma yake.

Mwisho kuna umbali, na hapa Yanonge inasema jambo ambalo Kinshasa hailioni. Mwimbaji wa Yanonge anayetaka kurekodi vizuri anapaswa kulipa nauli ya boti, kulala Kisangani siku kadhaa, kulipa studio, na kumwachia mtu watoto na meza yake ya sokoni. Mwanaume kijana asiye na watoto mgongoni anaweza kufanya hivyo kwa mkopo wa rafiki. Studio zenyewe ni chache hata Kisangani, ingawa juhudi zipo: mcheza dansi Faustin Linyekula alihamishia Studios Kabako huko mwaka 2006 kwa makusudi ya kuwapa wasanii wa mji huo mahali pa kufanyia kazi bila kukimbilia mji mkuu. Mji uliopigwa kwa mabomu katika vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana katikati ya raia, ulihitaji sana mahali kama hapo.

Ukiweka yote haya pamoja, hoja ya kwamba wanawake hawapo inageuka. Hawapo kwenye kadi ya mtangazaji. Kwenye matanga ya Yanonge wapo usiku kucha.

Hoja ya tatu: sheria iweke kiwango

Wanaodai kiwango cha lazima wana msingi. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinaitaka dola iondoe ubaguzi dhidi ya wanawake na ihakikishe usawa, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 imekuja kukitekeleza. Baraza la CSAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, lina mamlaka juu ya redio. Kinachokosekana ni kanuni inayozungumzia nyimbo zenyewe, kwa sababu sheria hizi zinafikiria zaidi vyeo na nafasi za uongozi.

Nchi nyingine zimejaribu viwango, ingawa mara nyingi ni vya lugha au uraia wa muziki. Kanada ilianza mwaka 1971 kuzitaka redio zipige asilimia 30 ya muziki wa Wakanada, baadaye 35. Kiwango hicho kilijenga studio, watayarishaji na kampuni ambazo zisingekuwepo, na hilo ni ushindi usiobishaniwa. Lakini vituo vilijifunza kukwepa: nyimbo za nyumbani zilisukumwa kwenye saa za usiku wa manane, zikahesabiwa bila kusikika. Ufaransa, iliyotaka asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa kuanzia 1996, ilikuta vituo vinajaza kiwango kwa kurudia nyimbo chache zilezile, ikalazimika kurekebisha sheria mwaka 2016 ili marudio ya kupindukia yasihesabiwe. Katika country, kituo cha televisheni cha CMT kilijitangazia mwaka 2020 kuwapa wanawake nusu ya muda wa video, bila sheria kukisukuma. Huo ulikuwa uamuzi wa siku moja kwa kituo chenye maktaba iliyojaa.

Nguvu ya kiwango ni kwamba hakimwachii mtangazaji kisingizio. Binti wa Yanonge akimsikia mwanamke kila saa, na akaambiwa kwamba Abeti alizaliwa Kisangani, anajua kazi hiyo ipo. Udhaifu wake Tshopo ni mkubwa zaidi, naona. Kwanza, hakuna wa kuhesabu. Redio ya mji mdogo haina daftari la nyimbo zilizopigwa, na CSAC haiwezi kuweka mtu kando ya kila mnara. Pili, hata ikihesabiwa, nusu hiyo inajazwa kwa dakika kumi kutoka kwenye kadi: nyota watano wa Kinshasa waliokufa au kustaafu, na waimbaji wa injili. Kiwango kitakuwa kimetimia na mwanamke wa Yanonge hatakuwa amesogea hata hatua. Tatu, kanuni yoyote mpya inayompa afisa haki ya kuingia studioni kukagua orodha inaweza kutumika kesho kwa jambo lingine. Nchi hii tayari ina tume ya udhibiti wa nyimbo, na Novemba 2021 tume hiyo ilipiga marufuku wimbo wa kundi la muziki liitwalo MPR (si chama cha Mobutu) uliolalamikia hali ya maisha, kisha ikalegeza haraka baada ya watu kupiga kelele. Kuongeza chombo kingine cha ukaguzi si jambo la kufanya kwa wepesi.

Hoja ya nne: kanisa na kipindi chao wenyewe

Waimbaji wa injili ndio jibu la wale wanaoona hakuna tatizo. Marie Misamu, aliyefariki mwaka 2016, L'Or Mbongo na Dena Mwana wana nafasi kubwa redioni, na kwa msikilizaji wa Kiswahili wanaongezeka Rose Muhando na Christina Shusho kutoka Tanzania. Kanisa limefanya ambalo bendi haikufanya: limewafundisha wasichana kuongoza kwaya, kushika kipaza sauti na kusimama mbele ya watu bila kuvunjiwa heshima. Anayelidharau hilo hajui muziki wa Kongo wa leo unakotoka.

Lakini nafasi hiyo ina bei. Mara nyingi kanisa ndilo linalolipia muda wa hewani, kwa hiyo ndilo linaloamua. Mwanamke ana ruhusa ya kuimba mateso yake mradi mwisho amtaje Mungu. Wimbo kuhusu mume asiyetoa matumizi, ushuru wa sokoni, polisi wa barabarani au ardhi ya baba iliyochukuliwa na kaka hauna mlango huo.

Kipindi maalumu cha wanawake kinazaa tatizo la jirani. Kivu Kusini imeonyesha ubora wake: chama cha wanahabari wanawake AFEM, kilichoundwa Bukavu mwaka 2003 na kuongozwa na Chouchou Namegabe aliyeanzia Redio Maendeleo, kiliwafundisha wanawake utangazaji na kuanzisha vikundi vya kusikiliza vijijini, na mambo ambayo hayakutamkwa hewani yakatamkwa. Hilo lilifanikiwa kwa kuwa wanawake walishika mitambo na uhariri. Pale ambapo kipindi cha akina mama kinatayarishwa na wanaume na kuwekwa saa tisa mchana, wakati akina mama wako sokoni au mtoni, kinakuwa chumba cha nyuma.

Mizani

Nikipima hoja hizi, ya kwanza inaanguka, ya pili inasimama lakini inawageukia wanaoitumia, ya tatu ina haki bila mikono, na ya nne ina mikono iliyofungwa nusu. Kinachofanya kazi Kinshasa huenda kisifae Yanonge. Kinshasa ina waimbaji wa kike wenye nyimbo zilizorekodiwa na redio zenye kompyuta, kwa hiyo huko kiwango, kikiambatana na masharti ya saa na ya kutorudia nyimbo zilezile, kingeleta mabadiliko ndani ya mwaka. Redio ya mji mdogo inapaswa kuanza upande wa pili: kurekodi kabla ya kupiga.

Kazi hiyo haihitaji studio. Simu nzuri, kipaza sauti cha waya na chumba chenye mapazia ya vitenge vinatosha kwa sauti za akina mama na ngoma moja. Mtangazaji akitoka na kifaa chake siku ya soko, atarudi na nyimbo ambazo hakuna redio ya Kinshasa inazo. Gharama halisi ni muda wake na umeme, na hapo kuna la kuchagua, kwa sababu saa moja ya kurekodi ni saa moja isiyouzwa kwa kanisa au shirika. Redio inayoishi kwa mafuta ya kukopa itaona hasara hiyo mara moja na faida baadaye sana. Ningeweka nyimbo hizo katikati ya komunike, saa ambayo mji mzima umetulia kusikia nani amefariki na boti gani inaondoka lini. Muda huo umekwisha kulipiwa, wasikilizaji wapo, na kati ya tangazo na tangazo redio hupiga wimbo wowote ulio karibu.

Kuna tahadhari mbili zisizokwepeka. Nyimbo za matanga ni za wafiwa. Familia nyingine itafurahi marehemu wao akisikika hadi Isangi, nyingine itaona ni kuuza msiba. Ruhusa iombwe kwa mwimbaji na kwa wenye msiba, na ikikataliwa iheshimiwe. Tahadhari ya pili ni umiliki. Wimbo wa asili ukirekodiwa, mwenye kifaa huelekea kuwa mwenye wimbo, na kwa njia hiyo kilichotokea kwa kalamu za rumba kitajirudia kwa simu. Sheria ya haki za watunzi ya mwaka 1986 ipo, lakini kwa mwanamke wa Yanonge ulinzi wa kwanza ni daftari la redio lenye jina lake, jina la aliyetunga kama anajulikana, kijiji, tarehe na kila saa wimbo ulipopigwa. Daftari hilohilo ndilo litakalomaliza ubishi wa Machi, kwa kuwa litaonyesha nani alipigwa Aprili.

Malipo ndiyo sehemu ngumu. Redio ndogo haiwezi kulipa mirabaha, na kuahidi isichoweza ni kuwadanganya watu. Inaweza hata hivyo kugawana salamu. Msikilizaji akilipia salamu na kuchagua wimbo wa mwimbaji wa hapohapo, sehemu ya fedha hiyo iwekwe kando kwa jina lake na akabidhiwe siku ya soko, mbele ya mwenzake mmoja, kwa saini au alama ya kidole. Kiasi kitakuwa kidogo. Lakini mume, kaka na mchungaji wataona fedha ikiingia nyumbani kwa njia ya wimbo, na mwimbaji atakuwa na hoja yake mwenyewe atakapoulizwa kwa nini anakwenda tena kurekodi.